Mita Thelathini na Moja hadi Mlangoni

Siku ile Bujiku alipoanguka na mkewe mgongoni, mvua ilikuwa imekatika na jua lilikwisha kuchomoza. Ndiyo maana alidhani watavuka salama. Alimfunga Lusia mgongoni kwa kitenge, kama mama amfungavyo mtoto, akapitisha mikono nyuma na kumshika mapaja, akatoka. Bajaji ya Muhidini ilikuwa ikiwasubiri nje ya geti, kwenye barabara ya mtaa iliyomwagwa molamu, ule udongo mwekundu wa changarawe. Ndani ya geti haikuweza kuingia. Tangu Januari hakuna chombo kilichoingia humo kikatoka bila kusukumwa.

Udongo wa Nyahanga, pale Kahama, upande ule wa bondeni ni mbuga, ule mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Masika hulainika ukawa kama ugali mbichi, ukikanyaga unakushika, ukivuta mguu unabaki na kandambili yako. Bujiku alikwisha kupoteza kandambili zote mbili, akawa anakwenda peku. Alipofika katikati ya uwanja mguu wa kulia ukaserereka. Akaanguka kifudifudi, na Lusia juu yake, kisha wote wawili wakabingirika ubavu.

Kilichomtisha hakikuwa kuanguka. Kilichomtisha ni kwamba hakuweza kuinuka. Kitenge kilikuwa kimewafunga pamoja, fundo liko kifuani mwake chini ya tope, na kila alipojaribu kujigeuza alihisi anamkandamiza mkewe. Upande wa kushoto wa Lusia ulikuwa umepooza. Na ubavu walioangukia ulikuwa huo huo wa kushoto, uso wake ukiwa nusu ndani ya tope, na mkono mzima ukiwa umebanwa katikati ya miili yao. Bujiku alisikia mkewe akipumua kwa pua, pumzi fupi fupi zenye maji. Akamwita Muhidini. Muhidini alikuja mbio, akakata kitenge kwa kisu chake cha kazi, akamgeuza Lusia na kumfuta tope mdomoni kwa vidole vyake.

Hospitali hawakwenda siku hiyo. Bujiku alimwosha mkewe, akambadilisha nguo, akamlaza. Jioni Lusia akamwita. Tangu apooze maneno yake yalikuwa yanatoka polepole, lakini yalitoka yakiwa mazima.

"Usinibebe tena," alimwambia.

Bujiku alikuwa na miaka sitini na moja. Miaka ishirini na sita kati ya hiyo aliimalizia Isaka, kwenye bandari kavu, akiwa karani wa kuhesabu mizigo. Alisimama kati ya behewa na lori na ubao wa kuandikia mkononi, akahesabu mabati, mifuko ya saruji, magunia ya mbolea yaliyokuwa yakielekea Rwanda na Burundi. Alipostaafu walimpa mkono wa heri na pensheni ndogo ya kila mwezi. Hakuwahi kupoteza gunia hata moja katika vitabu vyake, na jambo hilo alilisema kwa fahari mbele ya wageni, mpaka wageni wakalizoea.

Kosa lake kubwa la hesabu alilifanya nje ya kazi. Alinunua kiwanja mwezi wa Agosti.

Viwanja vya juu, karibu na barabara ya lami, vilikuwa na bei mara mbili. Hiki cha bondeni kilikuwa kipana, ardhi yake imekauka ngumu kama sakafu. Wakati huo Lusia alikuwa mchuuzi wa dagaa sokoni Kahama, mwanamke wa sauti kubwa na miguu isiyochoka. Alikizunguka kiwanja chote kwa miguu, akainama, akang'oa jani moja kavu akalizungusha vidoleni. Akamwambia mumewe kwamba hayo ni majani ya majini, pale maji hukaa. Bujiku alicheka. Akamuuliza tangu lini muuza dagaa amekuwa bwana ardhi. Akalipa siku hiyo hiyo.

Kwa miaka waliyokuwa wazima, tope lilikuwa jambo la mabuti na mzaha. Noela, binti yao wa pekee, alisoma akawa mwalimu, akapangiwa kazi Kigoma. Kisha, miaka miwili kabla ya siku ile ya kuanguka, Lusia alidondoka sokoni katikati ya magunia yake. Kiharusi. Akarudi nyumbani akiwa nusu.

Mama wa mazoezi ya viungo pale hospitali alimweleza Bujiku bila kuzunguka. Mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, bila kukosa. Miaka ya mwanzo ndiyo yenye tumaini, alisema; kiungo kisipoamshwa mapema, hulala moja kwa moja. Bujiku aliyashika maneno yale kama alivyokuwa akishika namba ya behewa. Na sasa masika yalikuwa yamemlia Jumanne na Ijumaa kadha wa kadha, na siku aliyojaribu kulazimisha, nusura amzamishe mkewe kwenye uwanja wake mwenyewe.

Wiki iliyofuata alimwita Feisal, fundi wa kupanga pevingi, yale matofali madogo ya zege yanayotandikwa nje ya nyumba za watu wenye magari. Feisal alikuwa kijana mwaminifu, hakuficha kitu. Alipima kwa futi ya chuma toka geti hadi kizingiti, mita thelathini na moja. Akachimba kidogo kwa jembe, akautazama udongo, akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba juu ya mbuga huwezi kutandika kitu. Lazima kwanza udongo mweusi utolewe kina cha sentimita ishirini, ujazwe molamu, ushindiliwe kwa mashine, juu yake vumbi la kokoto, ndipo pevingi zikae. Ukiruka hatua moja, masika ya kwanza yanazimeza.

Bujiku alitoa daftari lake. Upana wa mita tatu ulikuwa mita za mraba tisini na tatu. Pevingi, elfu kumi na sita kwa kila mita moja. Kuzifunga, elfu nne. Molamu tripu tano. Vumbi la kokoto. Mashine ya kushindilia siku mbili. Mawe ya ukingo pande zote mbili. Alijumlisha mara ya kwanza, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu kama walivyofundishwa Isaka. Milioni tatu na elfu sitini na mbili.

Yeye alikuwa na laki sita na elfu kumi, baada ya kuuza mbuzi wote na baiskeli.

Feisal akasema wengine huokoa kwa kutandika mistari miwili tu, ya magurudumu ya gari, katikati wakaacha majani. Walilizungumza kwa dakika kadhaa kwa furaha, mpaka Bujiku alipokumbuka kwamba bajaji ina gurudumu la mbele, na gurudumu hilo hupita katikati. Basi wakapunguza upana hadi mita moja na nusu, bajaji ipite bila kugeuka. Bujiku akasema kuchimba atachimba mwenyewe. Akaandika upya. Pevingi zilipungua nusu, molamu ikapungua, kazi ya fundi ikapungua. Ukingo ukabaki vile vile, laki tatu na elfu sabini na mbili, kwa sababu njia iwe nyembamba au pana, urefu wake ni ule ule. Alimwuliza Feisal kama ukingo hauwezi kuachwa. Feisal akasema bila ukingo pevingi hutawanyika ndani ya mvua moja.

Milioni moja, laki saba na elfu themanini na mbili. Hata hapo palikuwa mbali.

Kwa mwezi mzima Bujiku aliishi ndani ya daftari lile. Alipika uji huku anafuta namba, alimgeuza mkewe kitandani huku midomo yake inachezacheza. Noela alikuwa analipia dawa za mama yake kutoka kwenye mshahara uliokwisha kukatwa mikopo. Kumwomba zaidi kulikuwa kukamua jiwe. Kwenye jumuiya, siku moja baada ya sala, alijaribu kulitaja jambo lake, na mzee mmoja akauliza, bila ubaya, Bujiku amenunua gari lini. Watu wakatabasamu. Bujiku naye akatabasamu, akakaa chini. Hakulitaja tena.

Mwezi wa Juni akapigiwa simu na Edson, mtu waliyefanya naye kazi Isaka zamani. Edson alikuwa sasa kwenye machimbo mapya ya dhahabu huko Geita, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka Katoro. Mwenye duara mmoja, yaani mwenye shimo la dhahabu, Ndaki, alitafuta mtu mzima anayejua kuandika, wa kulinda ghala la mawe na kuhesabu mifuko inayotoka shimoni. Laki moja kwa mwezi na chakula. Na shimo likitoa, mlinzi naye hupewa mifuko yake ya mawe akasage mwenyewe.

Bujiku alihesabu miezi minne ya kiangazi, Julai hadi Oktoba. Ardhi itakuwa kavu, bajaji itafika mlangoni, mazoezi hayatakatika. Jirani yao Kudra, mjane aliyekuwa akiuza maandazi nyumba ya pili, alikubali kumtunza Lusia kwa elfu arobaini kwa mwezi. Bujiku alimfundisha namna ya kumwinua, mkono upi uanze, goti liegemee wapi. Muhidini akaahidi Jumanne na Ijumaa. Kila kitu kilikuwa kwenye daftari.

Lusia hakumzuia. Asubuhi ya safari alimtazama anavyofunga begi, akasema tu kwamba koti lile halitatosha kwa baridi ya usiku wa porini.

Machimboni hapakuwa na kitu ambacho Bujiku alikijua isipokuwa kuhesabu. Palikuwa na mahema ya turubai, vumbi jekundu, na makarasha yanayosaga mawe mchana kutwa mpaka meno yanauma kwa mngurumo. Vijana walishuka shimoni kwa kamba, wakapanda wameloa jasho na udongo, wakamwita babu. Aliandika mifuko yao, akalinda ghala, akalala mlangoni mwa ghala. Kila Jumapili alipanda kilima kilichokuwa na mtandao na kumpigia Kudra, naye Kudra alimwekea Lusia simu sikioni.

"Unaendeleaje, Mama Noela?"

"Naendelea."

Ndivyo alivyosema kila Jumapili.

Mwisho wa mwezi wa kwanza alipewa mifuko mitatu ya mawe. Aliisimamia ikisagwa, akaisimamia ikioshwa kwenye mwalo, ule mteremko wa kuchujia dhahabu kwa maji, akachuchumaa karibu wakati kijana wa zebaki alipokuwa akikusanya vile vinavyong'aa. Zikatoka pointi mbili, yaani sehemu mbili za kumi za gramu. Baada ya kulipa karasha na mwalo zikabaki elfu thelathini. Alikwisha kujua kwamba mita moja ya njia yake, vikijumlishwa vyote, ni elfu hamsini na saba na ushee. Basi mwezi mzima wa kulala mlangoni mwa ghala, ukiacha mshahara, ulikuwa umempa nusu mita.

Mara ya pili mawe hayakutoa kitu. Alidaiwa hela ya kusaga tu, elfu kumi na mbili. Alitoka pale akaenda nyuma ya ghala, akakaa juu ya mifuko ya watu wengine, akajiuliza ni mzee wa namna gani huyu anayemwacha mkewe kitandani ili aje kubahatisha mawe na vijana wa umri wa watoto wake. Alitaka kuondoka siku ile. Edson alimkuta, akakaa naye, hakumwambia neno la kumtia moyo. Akamwambia tu nauli ya kurudi ni elfu ishirini na tano, na kwamba akiondoka kabla ya tarehe mosi Ndaki hatamlipa mwezi. Bujiku akabaki.

Oktoba, siku za mwisho, mifuko minne ilimpa gramu moja na nusu. Laki tatu. Alizihesabu noti mara tatu akiwa wima, mpaka mnunuzi akamwambia akae chini. Bujiku alikuwa anaona kitu kimoja tu: mita tano na zaidi kidogo, zimelala mbele ya mlango wake. Akaaga. Alifika Kahama mwanzoni mwa Novemba, mawingu yameanza kukusanyika upande wa Isaka, akiwa amefunga pesa zake ndani ya soksi.

Kudra alimpokea getini akilia.

Harufu ilimfikia Bujiku kabla hajaingia chumbani. Lusia alikuwa amelala ubavu, amekonda, na chini ya mgongo palikuwa na kidonda kipana kama kiganja. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umejikunja kifuani, vidole vimejifunga ngumi, kucha zimeingia kwenye nyama ya kiganja. Kudra akaeleza yote akiwa amesimama mlangoni, kanga mdomoni. Wiki ya tatu ya Julai aliteguka mgongo akimwinua. Tangu hapo hakuweza kumtoa kitandani peke yake. Muhidini alikuja siku zote alizoahidi, lakini aliona haya kumshika mke wa mtu mwenyewe hayupo, na Kudra naye hakuwa na nguvu ya kushika upande wa pili. Mazoezi yalikatika. Alitaka kumpigia Bujiku. Lusia akamkatalia, akamwapisha.

"Alisema utarudi kabla hujapata," Kudra alisema. "Nisamehe, Baba Noela. Mimi nilishika neno la mgonjwa."

Bujiku hakumlaumu mtu. Alimwambia Kudra akapumzike. Kisha akachemsha maji.

Hospitali Lusia alilazwa siku tisa. Laki moja na elfu tisini zikaenda. Kidonda kikaanza kufunga. Siku ya kuondoka mama wa mazoezi alimwita Bujiku pembeni, kwenye korido, akamwonyesha kwa mkono wake mwenyewe jinsi kiungo kinavyofunga kikiachwa. Akasema kwa mguu bado wajaribu, ili angalau aweze kusimama kidogo akishikwa. Mkono asiudanganye moyo wake nao. Bujiku aliitikia ndiyo, ndiyo. Njiani ndani ya bajaji Lusia alimwuliza wameambiwa nini. Akasema wameambiwa waendelee na mazoezi.

Usiku ule alifungua daftari. Laki tisa na elfu ishirini na nane. Feisal alipokuja kesho yake walipiga hesabu mara mbili, na mara zote ikatoka ile ile: mita kumi na nne, maana kodi ya mashine haipungui njia ikifupishwa. Chini ya nusu ya njia.

Walikuwa wamesimama chini ya dirisha la chumba wakishauriana. Bujiku alitaka waanzie getini. Pale getini ndipo tope lilipokuwa na kina zaidi, na bajaji ingeweza kuingia mpaka katikati ya uwanja. Kule kulikobaki angetafuta vibao, angetafuta watu wa kumsaidia kubeba. Feisal naye aliona hivyo. Bujiku alikwisha kuchukua jembe na kukata mstari wa kwanza karibu na geti pale Lusia alipoita kutoka ndani. Aliita mara mbili, maana sauti yake haikuwa tena ile ya sokoni.

Bujiku akaingia, jembe mkononi.

"Anzieni mlangoni," Lusia alisema.

Bujiku akamweleza kwa upole kwamba wakianzia mlangoni bajaji haitakuwa na pa kukanyaga, itabaki barabarani vile vile, na safari ya hospitali itakuwa na mita kumi na saba za tope. Alizungumza kana kwamba anamweleza mtu asiyejua hesabu. Lusia alimwacha amalize.

"Hospitali ni siku mbili," akasema. "Siku tano ninaangalia ukuta. Nataka nitoke nje nikae."

"Mama Noela, mazoezi ndiyo yatakayorudisha mkono."

"Mkono haurudi. Ulikwisha ambiwa, ukanificha."

Bujiku aliegemeza jembe ukutani. Alitaka kukana, lakini miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumdanganya mwanamke huyu akafaulu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono yenye udongo juu ya magoti. Akasema kwamba alikwenda kule porini kwa ajili yake. Akasema kwamba kama angalijua, asingalikwenda.

"Najua ulikwenda kwa ajili yangu," Lusia alisema. "Hukuniuliza."

Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei. Na Bujiku, akitazama miguu yake, aliona ni kweli. Mwezi mzima wa daftari, upana, urefu, molamu, ukingo, machimbo, miezi minne, na katika yote hayo hakuwahi hata siku moja kumwuliza mwenye njia anataka impeleke wapi. Alikuwa amemhesabu kama mzigo wa kufikishwa.

Akatoka nje. Akamwambia Feisal waanzie mlangoni.

Bujiku alichimba siku nne. Alianza saa kumi na moja alfajiri kabla jua halijawa kali, udongo ukitoka kwa mabonge magumu kama matofali, na kila siku mawingu yalikuwa yakisogea. Siku ya tano molamu ikaja. Siku ya sita mashine ya kushindilia ilikodiwa, ikatetemesha nyumba nzima, vikombe vikaanguka jikoni. Feisal na msaidizi wake walitandika pevingi kwa siku mbili, wakazipanga kwa mshazari, za kijivu tupu, maana za rangi zina bei nyingine. Mvua ya kwanza iliwakuta wakigonga jiwe la mwisho la ukingo.

Watu wengine walipita wakacheka kuona njia inayoanzia mlangoni na kuishia katikati ya uwanja bila kufika popote. Bujiku alisikia. Akaendelea kufagia mchanga juu ya pevingi.

Mvua ilipopungua, alimweka Lusia kwenye kiti cha magurudumu, kile walichopewa hospitali na ambacho tope lilikuwa limekifungia ndani, akamfunika miguu, akamsukuma. Kiti kilitoka mlangoni bila kugonga, kikateleza juu ya pevingi kwa mlio mwembamba. Lusia alishika gurudumu la kulia kwa mkono wake mzima akajaribu kusukuma mwenyewe. Kiti kikageuka upande, kikataka kuingia kwenye ukingo. Bujiku akakirudisha. Walipofika mwisho wa ile mita ya kumi na nne, Lusia akamwambia aende zake ndani. Akasita. Akamwambia tena. Bujiku akaingia, akasimama nyuma ya pazia kama mwizi, akamchungulia. Lusia alikuwa amekaa akitazama barabara. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani akasimama kwenye uzio, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," na Lusia akamwitikia. Wakazungumza. Bujiku hakusikia walichosema.

Lakini Ijumaa ilipofika mambo yakawa kama alivyohesabu. Bajaji ilisimama barabarani. Bujiku na Muhidini walikishika kiti, mmoja mbele mmoja nyuma, wakaingia kwenye mita kumi na saba za tope zilizobaki. Walizama hadi nusu ya miundi, wakapumzika mara tatu. Siku hiyo hawakuanguka. Jumanne iliyofuata mvua ilinyesha kutwa, hawakujaribu. Mpaka mwisho wa Januari walikuwa wamekosa mazoezi mara saba. Bei ya pevingi nayo ilikuwa imepanda elfu mbili kila mita ya mraba, na daftari la Bujiku lilikuwa halina cha kuandika, maana pensheni yote ilikuwa inaishia kwenye dawa ya kidonda na unga. Machimboni hakufikiria kurudi. Mwili wake ulikuwa umekwisha kumwambia.

Asubuhi moja ya Februari alitoka nje akakuta pevingi zimetitia karibu na kona ya jiko, vidole vitatu hivi kwenda chini, na maji yametuama juu yake. Njia ilikuwa haijamaliza hata miezi mitatu. Bujiku alisimama akiyatazama maji yale. Kisha akaleta nondo na ndoo ya vumbi la kokoto lililobaki, akapiga magoti, akaanza kuzing'oa moja moja. Mvua ndogo ikaanza tena. Alijaza, akashindilia kwa kipande cha gogo, akachukua tofali akaliweka, likakataa kukaa. Akaling'oa. Akaliweka tena, likabaki limeinua pembe. Akalishika mikononi, maji yakimtiririka usoni na mgongoni, na hapo alipokuwa amepiga magoti kilio kikamtoka, kilio cha mtu mzima asiyejua kulia, mabega yakiruka. Hakujali kama jirani anaona.

Lusia alikuwa mlangoni, kwenye kiti chake, pale alipomwacha ili apate hewa. Alimwacha alie. Alipoona ametulia kidogo akamwita jina lake la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliyebaki anayelijua.

"Hilo umeliweka kichwa chini," akasema. "Ligeuze."

Bujiku alilitazama tofali. Upande mmoja ulikuwa umekatwa kingo kidogo, mwingine, ule wa kukaa chini, ulikuwa bapa. Akaligeuza. Akaliweka, akaligonga kwa gogo mara mbili, likashuka likalingana na wenzake. Akachukua lingine.